Shangazi Katika Matoleo Matatu

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo mimi si mpiga video za harusi tena. Ni mtayarishaji wa kimataifa. Nimemtangazia mke wangu asubuhi akiwa anapiga pasi sare yake ya duka la dawa. Akasema hewala, Mkurugenzi, ila hizo taa zako zitoke mlangoni, jana nusura zing'oe ukucha wake.

Chanzo ni Fundi Friji. Ana kibanda chini ya ngazi za jengo letu. Anarekodi mikono yake ikifungua friji bovu, hasemi neno lolote, na watu wa dunia nzima wanamtazama. Dunia nzima! Jana alinionyesha ramani ya watazamaji wake kwenye simu, imejaa rangi kila upande. Akaniuliza ya kwangu ikoje. Nikasema chaji imeisha. Ya kwangu ina rangi mahali pamoja tu, hapa hapa tulipo. Nimelala vibaya.

Lakini mimi nina Shangazi. Dada wa marehemu baba, fundi cherehani, anaishi nasi chumba cha nyuma pamoja na cherehani yake. Ana kisa kimoja ambacho ukikisikia unasahau kumeza mate. Na ni cha kweli. Zamani yeye na mdogo wake walikuwa na duka la kushona. Huyo mdogo, Shangazi Mdogo, ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni nikiwa mtoto. Siku moja kabla ya harusi ya mteja mkubwa, Shangazi Mdogo akakata vibaya gauni la bibi harusi, mgongo wote, na kitambaa kingine cha aina ile hakikuwepo. Akaogopa, akaona aibu. Alfajiri akaondoka bila kuaga, akavuka mpaka, na mpaka leo hatujui hata yuko nchi gani.

Shangazi amekubali kukaa mbele ya kamera kwa sababu moja. Anataka mdogo wake aione video hiyo popote alipo, ajue kilichotokea baada ya yeye kuondoka. Gauni lilipona. Shangazi alishusha pazia la duka, akalitia mgongoni, na bibi harusi akapendeza hadi watu wakaja kuagiza migongo ya pazia. Hakuna aliyekasirika. Anataka kumwambia arudi nyumbani. Aliyasema haya huku anakata uzi kwa meno, hakunitazama usoni. Nikamwahidi kwamba ujumbe utafika kila pembe ya dunia.

Jumanne, 4 Machi

Tumerekodi. Saa nzima na robo! Shangazi anaanzia mbali kweli. Duka lilikuwa na rangi gani, mteja alikuja na viatu vya aina gani, fundi viatu wa jirani alisemaje kuhusu viatu hivyo. Anapofika kwenye gauni, chai imeshapoa na kupashwa mara mbili.

Tatizo ni kwamba nimesoma mtandaoni kuwa mtazamaji wa nje anakupa sekunde tatu tu, usipomshika anakwenda zake. Ndani ya sekunde tatu Shangazi bado anaweka miwani sawa. Nikamwomba kwa adabu aanze na mkasi. Akaniuliza ni fundi gani anaanza na mkasi kabla ya kupima. Nikamweleza habari ya sekunde tatu. Akasema hao watu wapelekwe kwa daktari, ni vijana bado.

Nina wasiwasi. Nikikata sana, Shangazi atanuna, na Shangazi akinuna nyumba nzima inakosa hewa. Nisipokata, Fundi Friji atanicheka hadi mwakani. Nimezunguka sebuleni mpaka mke wangu akanihamishia varandani.

Nimekata.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeuchunguza ulimwengu. Yaani nimeshinda siku mbili nikisoma maoni chini ya video za watu wengine. Sasa najua. Kila jukwaa lina watu wake. Kule kwenye video fupi za wima wanapenda visasi. Kule kwenye video ndefu wanapenda kulia. Lile jukwaa la tatu, la watu wazima na vikundi vyao, wanapenda kutishwa kabla ya kulala. Hadithi moja haiwezi kuwatosha wote. Kwa hiyo Shangazi atakuwa na miisho mitatu.

Toleo la kisasi: mdogo anaharibu gauni makusudi kwa wivu, anatoroka, na Shangazi anaapa kumsaka maisha yake yote. Toleo la kilio: mdogo anafariki kituo cha basi akiwa ameshika kipande cha hariri. Toleo la kutisha: gauni linavaliwa na mtu asiyeonekana. Pazia nimeliondoa kote. Mambo ya pazia ni ya humu ndani, mgeni hataelewa kwa nini watu wafurahi.

Kwa upande wa sauti sikuhitaji kumsumbua Shangazi. Ipo programu ya kompyuta, unaiandikia maneno, inamfanya mtu aseme lugha yoyote na midomo inafuata. Nimechagua lugha saba. Ila kwa wasiolipia, sauti ya mama mtu mzima inaruhusiwa kwenye lugha tano tu. Katika hizo mbili zilizobaki Shangazi anaongea kama mtangazaji wa mpira. Inakubalika ukizoea. Mke wangu alipita na kapu la nguo, akasikiliza, akauliza huyo baba anayegomba ni nani.

Kisha akauliza kama Shangazi ameyaona haya. Nikasema nitamwonyesha. Sikusema lini.

Ijumaa, 7 Machi

Nimerusha zote asubuhi. Kufikia chai ya saa nne watazamaji kumi na mmoja, na wanne kati yao ni mimi. Nimetoka jasho nimekaa. Nikaangalia tena. Nikaizima simu ili nisiangalie. Nikaiwasha kuona kama kuna mtu ametazama wakati imezimwa.

Fundi Friji amepanda juu kuazima bisibisi yake mwenyewe ambayo niliiazima mwaka jana. Akaona kazi yangu. Akasema ningepiga mikono ya Shangazi tu na kumwacha aongee, watu wangekaa. Nikamwambia kuna tofauti kati ya simulizi na friji. Akakubali kwamba ipo, yeye huwa anajua friji linahitaji nini. Akaondoka na bisibisi. Sikuweza kula.

Shangazi aliniuliza kama kuna habari yoyote kutoka huko nje. Nikamwambia mambo kama haya yanataka subira. Akasema subira anayo, ameitumia miaka yote hii. Akarudi kwenye cherehani.

Jumapili, 9 Machi

Kisasi kimewaka! Nimeamka nikakuta watazamaji ambao hata kuwasoma kwa sauti ni kazi. Ramani yangu imeenea rangi. Kuna sehemu ina rangi ambayo mimi nilidhani ni bahari tu. Nimeshuka ngazi mbili mbili kumwonyesha Fundi Friji. Akatazama kwa muda, akasema hongera, akauliza kwa nini Shangazi anaongea kama mtu anayetangaza penalti. Wivu huo.

Lakini furaha imekaa hadi saa sita mchana tu. Watazamaji wa majukwaa matatu wamekutana. Sikujua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na majukwaa matatu, nilidhani kila mtu ana lake. Wanagombana kwenye maoni. Mmoja anauliza, kama mdogo alikufa kituo cha basi, huyu anayesakwa ni nani. Mwingine anadai gauni ndilo lililomuua. Kuna kundi linamtetea Shangazi, jingine linamtetea mdogo, na yote mawili yananitukana mimi kwa lugha ambazo sikuzichagua.

Nimejibu kwamba kila kitu kitaeleweka. Mimi mwenyewe sielewi. Nimekunywa maji mengi mno.

Jumatatu, 10 Machi

Ugomvi umeleta watazamaji wengi zaidi, kwa hiyo nimeamua kuulea. Kila anayeandika namjibu kwa ukali wa kisasi, kwa niaba ya Shangazi.

Leo kuna mgeni mmoja amenifurahisha. Ameandika kwa lugha yetu kabisa! Anajifanya yeye ndiye mdogo mtu. Ameuliza: je, ni kweli bado ana hasira na mimi, baada ya miaka yote hii? Nimevutiwa sana. Programu za kutafsiri zimefika mbali, hakuna kosa hata moja. Na kuigiza anajua. Huyu ndiye mtazamaji niliyemtaka, aliyezama ndani ya hadithi.

Nikamjibu kwa lugha ya kigeni, nisimpe tabu. Nikaandika: hasira haijapoa, mkasi bado una makali, usithubutu kurudi. Watu wamelipenda jibu hilo kuliko video yenyewe.

Shangazi ameuliza tena kama kuna habari. Nikasema watu wengi sana wameona. Akauliza, na mdogo wangu je? Nikasema tupo njiani kumfikia.

Jumatano, 12 Machi

Sijui niandike vipi. Nina baridi mwili mzima na nje kuna jua.

Asubuhi yule mgeni ameandika tena. Maneno machache. Mwambie siku ile nilimbembeleza kwanza mtoto wa kaka mpaka akalala, ndipo nikatoka. Sitarudi kuwasumbua.

Mtoto wa kaka ni mimi. Hilo halimo katika toleo lolote. Sikulijua hata mimi mwenyewe, nilikuwa nimelala.

Nimekaa chini sakafuni, hapo hapo bafuni nilipokuwa. Shangazi Mdogo alinibembeleza, na mimi nimemwambia mkasi bado una makali. Nimemfukuza shangazi yangu mwenyewe kwa lugha ya kigeni. Nimejisikia mwovu kama sijawahi kujisikia. Nikaandika haraka kwamba samahani, yale yalikuwa mambo ya kikazi. Haikwenda. Amenifungia. Nikajaribu kupitia lile jukwaa la pili, nikakumbuka kwamba kule amekufa.

Nikataka kuifuta video ya kisasi. Kidole kikafika kwenye kitufe. Nikatupa jicho dogo tu kwenye idadi ya watazamaji. Imeongezeka. Nikasema ngoja ifike mchana. Aibu gani hii, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mchana nikapata mpango. Toleo la nne, la msamaha! Shangazi analia, anafungua mikono. Swali likabaki nimtafsirie kwa lugha gani, maana hatujui yuko nchi ipi. Nikaamua lugha zote ishirini na tisa za programu ile, moja lazima itampata. Nilikuwa na furaha kidogo nilipomweleza mke wangu aliporudi kazini.

Hakuvua hata viatu. Akaniuliza yule mtu aliandika kwa lugha gani. Nikasema yetu. Akaniuliza Shangazi Mdogo alizaliwa wapi. Nikasema nyumba moja na baba. Akaniuliza basi anahitaji kutafsiriwa nini. Akasema mtu mmoja tu ndiye aliyetakiwa kuisikia hadithi hii, na ndiye pekee huko nje ambaye angeielewa jinsi Shangazi alivyoisema. Saa nzima na robo. Pamoja na viatu.

Video nimeifuta. Ramani imebaki na rangi hadi sasa, nadhani huwa inachelewa.

Mke wangu amenipa mpaka kesho. Nisipomwambia Shangazi, atamwambia yeye.

Alhamisi, 13 Machi

Nilipanga kuanza na hitilafu ya mitambo. Nilijizoeza mbele ya kioo. Mitambo, Shangazi, siku hizi ina hitilafu. Nilipoingia chumbani kwake akanitazama mara moja tu, akaniambia niketi na nilete hiyo simu.

Ameyaona yote matatu, maana nilikuwa na nakala. Kisasi, akatazama mpaka mwisho. La kutisha, kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, akatazama mpaka mwisho. Nilitamani anigombeze. Kwenye toleo la kilio, mdogo wake alipoanguka kituo cha basi, alivua miwani na kuishika mkononi. Nikasema haraka kwamba ni la kuigiza, yeye ni mzima, ameandika juzi. Hapo ndipo ilibidi nimsomee aliyoandika. Na niliyojibu mimi.

Akataka nirudie pale pa kumbembeleza mtoto. Nikarudia. Akaniambia kwamba mtoto huyo alikuwa hataki kulala, alikuwa msumbufu sana. Machozi yakamtoka bila sauti. Mimi yalinitoka kwa sauti.

Baadaye akauliza pazia liko wapi. Nikasema tuliogopa mgeni hataelewa. Akauliza tangu lini mdogo wake amekuwa mgeni. Akachukua kikapu chake cha uzi, akashuka ngazi moja moja, akaenda kwa Fundi Friji.

Huyo mtu akasogeza mafriji mawili, akamwekea kiti na meza. Amepiga mikono tu. Mikono ya Shangazi inashona pindo, na sauti yake inasema kila kitu kuanzia rangi ya duka, viatu, fundi viatu, gauni, pazia, wateja wa migongo ya pazia, mpaka mwisho. Hakukatwa hata pale alipokohoa. Mwishoni akamwambia mdogo wake kwamba hana hasira wala hakuwahi kuwa nayo, yule aliyejibu ni mtoto wa kaka na bado ni msumbufu, arudi. Fundi Friji ameirusha hivyo hivyo, akaandika namba yake ya simu chini. Hakuna tafsiri, hakuna muziki.

Taa ilikuwa yangu. Niliishika muda wote na mkono umekufa ganzi. Hakuna aliyenitaja.

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbili hakuna aliyekula vizuri. Shangazi ameshona pindo lile lile, akalifumua, akalishona tena. Mimi nimekuwa nikipanda na kushuka ngazi kumuuliza Fundi Friji kama kuna kitu, hadi akaniwekea kigoda.

Leo mchana simu yake imeita kibandani. Amepanda nayo juu anakimbia, mara ya kwanza namwona anakimbia. Akampa Shangazi. Shangazi akasema haloo, akavuta kiti, akakaa. Halafu akauliza umekula? Wakaanza kuongea kama watu walioachana jana sokoni.

Kumbe hayuko ng'ambo yoyote. Yuko nchi ya jirani, safari ya basi ya siku moja. Ana duka la kushona. Kisasi aliletewa na mteja aliyemtafsiria, maana kilikuwa katika lugha asiyoijua. Nimetafsiri kwa lugha saba na hakuna hata moja anayoongea yeye. Video ya mikono ameonyeshwa na watu wale wale waliokuwa wakigombana kwangu. Ameisikiliza yote, anasema, na fundi viatu yule alikuwa mwongo hata kwa mambo mengine.

Anakuja Jumamosi ijayo. Nimeingia jikoni nikainama juu ya sinki hadi moyo ukatulia. Namshukuru Mungu. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba sitagusa tena hadithi ya mtu. Aliniomba nirudie kiapo, nikarudia.

Jumamosi, 22 Machi

Amefika. Mfupi kuliko nilivyokumbuka, au mimi nimerefuka. Alipanda ngazi na begi moja, Shangazi akiwa amesimama mlangoni tangu asubuhi. Walishikana tu, mmoja akampapasa mwenzake mgongoni kana kwamba anatafuta mshono. Mke wangu alilia. Fundi Friji alilia, akasingizia gesi. Mimi nililia sana, na ni kweli nililia, mtu asiniambie vingine.

Ndiyo maana simu iliyokuwa kwenye mfuko wa shati haikutulia. Picha yote imetikisika na nusu ni kola yangu.

Nikasubiri wapumue. Kisha nikaomba kwa heshima zote kama Shangazi Mdogo angeweza kushuka na kupanda tena, safari hii mwanga ukiwa upande wake, na kama Shangazi angeweza kusita kidogo kabla ya kumkumbatia, tuseme kumpa mgongo kwanza, kwa ajili ya watu wa video za wima. Shangazi Mdogo akauliza kama huyu ndiye yule mtoto. Shangazi akasema ndiye. Mke wangu akanishika mkono, akanitoa nje, akafunga mlango kwa funguo.

Nimekaa ngazini. Nimewaomba msamaha kupitia tundu la funguo na nina hofu kwamba safari hii mke wangu amekasirika kweli, atanirudisha kwenye harusi. Ndani wanacheka. Wote wawili, kwa pamoja, kicheko kirefu ambacho sijawahi kukisikia kwa Shangazi tangu nipate akili. Nimeweka simu chini ya mlango. Sauti inaingia safi kabisa.

Kwa watazamaji wa nje nitakibadilisha kiwe kilio.